Nilivyoyapigia Muhuri Maji ya Sumaku

Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana huko Cibitoke, mtaa wa hapa Bujumbura, kisa hiki kinasimuliwa kwa namna nne tofauti, na katika zote nne mjinga ni mimi. Sikatai. Ninachotaka ni huyo mjinga asimuliwe kwa mpangilio, tena na mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Aibu yenyewe ni hii: mimi Issa, fundi wa maabara ya kemia kwa miaka kumi na mmoja, niliyekabidhiwa mashine ya maana kuliko zote pale chuoni ili niwaonyeshe watu kwamba maji ya sumaku hayana sumaku yoyote, nilithibitisha mbele ya watu wasiopungua arobaini kwamba wanayo haki ya kuyaita hivyo, nikalichapisha jibu kwenye karatasi, nikalipiga na muhuri.

Kwanza mashine, kwa sababu bila mashine hamtanielewa. Ilitufikia ikiwa imeshatumika, zawadi ya chuo kimoja cha ng'ambo kilichokuwa kimenunua mpya, na kwa umbo ni kama friji ndogo ya soda, ile ya kuwekwa juu ya meza. Ndani yake kuna sumaku nzito. Unatia kimiminika chako ndani ya mrija wa kioo mwembamba kuliko kalamu, unautumbukiza mrija katikati ya sumaku, mashine inakipigia kile kimiminika mawimbi ya redio na kusikiliza kinavyojibu, kisha jibu linachorwa kwenye kompyuta, mstari uliosimama wima. Kazi hiyo wenye vitabu huiita spektroskopia, na mashine sisi tunaiita RMN kwa herufi zake za Kifaransa. Sasa ukitaka kujua kama kimiminika kina usumaku, ndani ya ule mrija unaingiza mwingine mwembamba zaidi, wenye maji safi ya maabara. Maji ya ndani na ya nje yakiwa sawa, yanajibu pamoja, unapata mstari mmoja. Yale ya nje yakiwa na kitu chenye usumaku, jibu lake linasogea pembeni, unapata mistari miwili. Basi, hakuna uchawi. Mmoja, hakuna kitu. Miwili, kitu kipo. Hata mtoto wa darasa la nne anaelewa, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu siku ile kila mtu alielewa.

Pili ni Shangazi Zaina. Huyu ni dada wa marehemu baba, alinilea tangu nina miaka saba, na chochote nilicho nacho kichwani alikilipia yeye kwa kushona nguo za watu. Ana tansiyo, yaani shinikizo la damu, ile ya kupanda. Daktari alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, akavimeza miaka mitatu bila kelele, kisha mwaka huu nikaanza kuona kopo halipungui. Nikiuliza, anasema amepata kitu kingine. Kitu chenyewe kilikuwa maji ya Papa Amani.

Papa Amani ni fundi wa redio, mtu wa Uvira, upande wa Kongo, ana kibanda chake mtaa uleule wa shangazi. (Nilitamani sana awe tapeli. Ingenirahisishia kazi, lakini ni mtu mpole, anasali, na maji anayowapa watu anakunywa na yeye mwenyewe na watoto wake.) Kwa miaka mingi amekusanya sumaku za spika zilizokufa, kibanda kimejaa, na siku moja aliacha chupa yake ya maji katikati ya hizo sumaku hadi kesho yake, akainywa, goti lililokuwa likimsumbua likatulia. Ndivyo ilivyoanza. Siku hizi chupa zinalala kati ya sumaku mbili mbili, zimefungwa kifuniko kwa utepe mwekundu wa umeme, na kila asubuhi mtaa mzima unapita pale kunywa.

Nilimweleza shangazi kwamba maji hayashiki sumaku. Ukiyaweka karibu nayo yanasukumwa kidogo mno, ukiyaondoa yanasahau, yanarudi kuwa maji. Akaniuliza kama nimewahi kuyapima. Nikasema sijayapima lakini inajulikana. Akasema kwamba inajulikana pia kuwa mtoto wa kaka yake hajawahi kushindwa ubishi hata siku moja, na hiyo haijamfanya awe na haki. Tulibishana wiki tatu, mpaka niliposikia chuo kinaandaa siku ya milango wazi, ambapo watu wa mjini wanaingia maabara kuona tunafanya nini humo, na mimi ndiye niliyepangiwa kuonyesha RMN. Nikamwambia shangazi aje, alete maji yake, mashine iamue. Alifikiri kidogo huku akiendelea kushona.

"Sawa," akasema. "Mashine yako ikisema ni maji tu, mi narudilia vidonge vyangu, na sitakuuliza kitu tena. Ikisema iko na sumaku, we unaniacha mpaka nakufa. Tumepatana?"

Nikampa mkono haraka sana, kama mtu anayeshindana mbio na kobe. Jibu nilikuwa nalijua.

Sasa nifike kwenye uamuzi mdogo ulioanzisha yote. Alhamisi kabla ya siku hiyo nilikuwa najizoeza, kwa sababu ukionyesha mstari mmoja tu watu wanasinzia, nikataka niwe na mfano mzuri wa mistari miwili. Nikachukua chumvi ya kobalti, ambayo ina usumaku wa kutosha, nikaiyeyusha nyingi kwenye maji, nikaipima, ikatoa mistari miwili mizuri kabisa. Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji ya bomba yanakwenda nao. Chumba cha mashine hakina dirisha. Nimesimama gizani na mrija mkononi. Kichanja cha mirija michafu kiko upande wa pili wa chumba, cha mirija safi kiko hapa karibu na kiwiko changu. Nikaumwaga, nikaukung'uta mara mbili, nikaupindua kwenye kichanja cha karibu. Nikajiambia kesho nitauosha.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Asubuhi kupanga viti, mchana msikitini, jioni kubeba meza. Huo mrija sikuukumbuka hata kwa bahati mbaya.

Jumamosi nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimepitia kwa Papa Amani kuchukua chupa yake moja, kwa hiyo kabla watu hawajaja niliifungua, nikachukua mrija safi (safi kweli, wa mwisho uliobaki kwenye boksi), nikapima. Mstari mmoja. Umesimama peke yake, mwembamba, hauna shaka. Nikauacha mrija umesimama tayari pale pale ili shangazi akifika nimwonyeshe, nikaenda kunywa chai nikiwa na amani ambayo sijaipata tena tangu siku ile.

Wageni wakaanza kumiminika. Kila mtu alikuja na kimiminika chake, maana tangazo lilisema hivyo: soda, bia, maziwa, maji ya ziwani, kijana mmoja alileta manukato ya dada yake. Nikapima, nikachapisha. Hapo pia kuna kosa langu jingine, kwa kuwa mimi ndiye niliyependekeza kwenye kikao kwamba kila mgeni aondoke na karatasi yake yenye mchoro na muhuri wa maabara, awe na ukumbusho. Madamu Profesa, mkuu wetu, aliona ni wazo zuri. Mnatujua sisi na mihuri. Karatasi isiyo na muhuri hapa kwetu ni ya kufungia karanga. Tangu asubuhi nilikuwa nimepiga muhuri soda, bia na manukato, na mkono ulikuwa umeshazoea.

Saa nne shangazi akaingia. Hakuja peke yake. Alikuja na Papa Amani aliyevaa suti ya Jumapili, na nyuma yao kina mama wa mtaa mzima, kumi na watatu, wamevaa vitenge vilivyonyooshwa kama wanakwenda harusini. Chumba kikajaa hadi mlangoni. Madamu Profesa naye akatokea wakati huohuo, akiwaongoza wageni wake rasmi, wanaume watatu wenye tai. Nikaona hii ndiyo nafasi ya maisha yangu. Nikawaeleza kuhusu mistari, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa Kifaransa kidogo kwa ajili ya wale wa tai, kisha (hapa ningeomba msicheke mapema) nikawafundisha kina mama kuitikia. Nikisema mmoja, wanajibu hakuna. Nikisema miwili, wanajibu iko. Tulirudia mara tatu. Sauti zao zilikuwa nzuri sana.

Kisha nikaushika ule mrija wa asubuhi, nikasema maji ya Papa Amani ndiyo haya, nimeshayaandaa.

"Nani alifungua chupa?" akauliza shangazi.

Nikasema mimi, asubuhi.

"Mbele ya nani?"

Hapa kwetu swali hilo ni zito. Ninyi mnajua, lakini kama kuna mgeni kati yenu nitamfafanulia: hapa Bujumbura kinywaji kinafunguliwa mbele ya macho ya mwenye kukinywa. Iwe harusini, iwe msibani, iwe kwa mkweo anayekupenda, mhudumu anakuja na chupa imefungwa, unaiona, ndipo inafunguliwa. Chupa iliyofunguliwa jikoni hata mtu mwenye kiu ya siku mbili haigusi. Si matusi, hakuna anayekasirika, ndivyo watu wanavyoishi. Sasa mimi nilikuwa nimemletea mwanamke wa miaka sitini na tisa maji yaliyofunguliwa saa moja asubuhi, bila shahidi, tena na mtu ambaye ana ugomvi na hayo maji.

Nikajaribu kusema kwamba haya si ya kunywa, ni ya kupima. Nikawaona kina mama wanatikisa vichwa. Nikamwangalia Madamu Profesa anisaidie, yeye mwenye shahada tatu, naye akaniambia taratibu kwamba shangazi ana haki, nifungue mbele yake, kuna ubaya gani. Shangazi akatoa mkobani chupa yake, utepe mwekundu haujaguswa, akainyanyua kila mtu aione.

Nikahitaji mrija mwingine. Mirija yote ilikuwa imetumika kwa soda na maziwa ya watu, na mrija ukiuosha haukauki haraka, wala hupaswi kuutia kwenye oveni, utapinda. Kwenye kichanja cha mirija safi ulibaki mmoja tu, mkavu. Nikauchukua. Niliunyanyua hata kwenye taa, nikauangalia mbele za watu kwa madaha, nikasema mnaona, ni safi. Kobalti ikikauka kidogo chini ya mrija ni wekundu uliofifia, unaweza kudhani ni kivuli cha kidole chako. Mimi nilidhani ni kivuli cha kidole changu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyeukata utepe. Nikamimina, nikaingiza ule mwembamba wa ndani, nikautumbukiza kwenye mashine, nikabonyeza, nikageuka kuwatazama watu badala ya kutazama kompyuta, kwa sababu nilitaka kuuona uso wa shangazi mstari mmoja utakapotokea.

"Iko," wakasema kina mama, wote kwa pamoja, kabla sijauliza.

Nikageuka. Mistari miwili, imeachana vizuri, yenye afya.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema samahani, kuna jambo nataka kulihakikisha, tupumzike kidogo. Mimi nilisema tupime tena. Tukapima tena, mrija uleule, na mashine kwa uaminifu wake ikatoa mistari ileile. Nikapima mara ya tatu. Kwa mara ya tatu kina mama walikuwa wanaitikia hata kabla sijabonyeza, na mmoja wa wale wenye tai alikuwa ameshatoa simu anarekodi. Madamu Profesa alikuwa ananitazama anasubiri nieleze, kila mtu anasubiri, na mimi badala ya kusema sijui, neno fupi tu ambalo nalifundisha wanafunzi kila mwaka, nikakohoa, nikasema inaonekana kuna kitu.

Papa Amani hakushangilia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Dokta," akaniambia (kwake kila mwenye koti jeupe ni dokta), "mi miaka minne watu wananicheka. Naomba karatasi yangu."

Ningeweza kusema wino umekwisha. Ningeweza kusema printa imeharibika, printa yetu huharibika kila siku, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Karatasi ikatoka, nikapiga muhuri, na kwa kuwa mtu wa tai aliomba, nikaweka na sahihi. Wakapiga makofi. Shangazi akanisogelea, akanishika shavu mbele ya wote kama nina miaka saba.

"Asante, mutoto wangu," akasema. "Sasa imeisha."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa na furaha, na ndiyo maana nilijisikia vibaya kuliko kama angenisimanga.

Mchana wageni walipoondoka nikabaki kuosha mirija. Kila mrija wetu una namba ndogo iliyochorwa kwenye kioo. Ule wa shangazi ulikuwa namba saba. Nilikuwa nimeushika chini ya bomba na maji yanakaribia kuuingia, nikasimama. Nikaenda kwenye daftari. Alhamisi, mrija namba saba, kobalti. Mwandiko ni wangu, nadhifu kabisa, maana kuandika siku zote nimekuwa hodari. Nikarudi, nikachukua maji yaliyobaki kwenye chupa ileile ya shangazi, mrija mwingine uliokwisha kuoshwa na kukauka, nikapima. Mstari mmoja. Nikakaa kwenye kiti cha wageni.

Sitawadanganya, wazo la kunyamaza lilinijia na nikalikaribisha. Nililizungusha kichwani kwa muda wa kumaliza chai moja. Nani angejua? Maji hayamuui mtu. Lakini vidonge vilikuwa mle ndani ya kopo, na mwanamke aliyenilea asingevigusa tena, kwa sababu ya mkono niliompa na muhuri nilioupiga. Nikaogopa, kwa kweli. Nikaenda kwa Madamu Profesa nikamweleza yote, giza, kichanja, kivuli cha kidole. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema video ameshatumiwa na watu sita. Hakunifokea. Alisema kosa la mrija linaweza kumpata yeyote, hata yeye lilishampata, lakini muhuri ni wa chuo, na aliyeutoa ndiye atakayekwenda kuurudisha. Nikaomba anichapishie barua ya kulifuta lile jibu. Akasema hapana, niende kwa miguu yangu na mdomo wangu.

Jumapili asubuhi nikapanda baiskeli kutoka kwangu Nyakabiga (mafuta yalikuwa hayapo, mabasi yamelala) nikaenda Cibitoke. Njiani nilijiandalia maneno, maneno mazuri. Kufika, nikakuta karatasi yangu imeshatiwa plastiki, imetundikwa katikati ya kibanda, chini ya redio inayopiga kwaya, na mbele yake kuna watu wengi kuliko kawaida, wengine hata si wa mtaa ule. Mama mmoja alikuwa anawaelezea wenzake kwa kidole: mmoja hakuna, mbili iko. Alikuwa anaeleza sawasawa kabisa, kama nilivyomfundisha.

Nikasema, jamani, mimi ndiye niliyepima, na nimekosea. Nikasema mrija ulikuwa mchafu, kulikuwa na chumvi yangu ya kazini humo, mashine imeona chumvi, haijaona maji. Mzee mmoja akauliza chumvi gani. Nikasema kobalti. Hapo nikawa nimeongeza kuni motoni, kwa sababu Wakongomani walio pale kobalti wanaijua, wanajua dunia nzima inaitafuta, na nikaona wanatazamana kwa heshima mpya, kwamba kumbe maji haya yana na kobalti. Nikaanza kueleza upya. Sauti ikatoka nyuma ikiuliza nani amenituma. Mwingine akasema jana mbele ya wakubwa alisema iko, leo yuko peke yake anasema hakuna, sasa tuamini lipi. Lilikuwa swali la haki. Kadiri nilivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini, na wawili walichukua chupa nikiwa bado naongea.

Aliyeniokoa ni Papa Amani mwenyewe. Alizima redio, akaniuliza kama nina hakika. Nikamtolea mchoro wa pili, ule wa mstari mmoja, niliokuja nao mfukoni. Akaufuata mstari kwa kidole. Macho yake yalikuwa mekundu na mimi sikuweza kuyatazama.

"Muhuri ni ya kwenu," akasema. "Mukisema ni uongo, mi siwezi kuitundika."

Akaishusha karatasi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akauliza ule mstari mmoja maana yake hasa ni nini. Nikamwambia maana yake ni kwamba hamna kitu humo, ni maji matupu, safi. Akauliza kama hiyo si uongo. Nikasema hiyo ni kweli kabisa. Basi akaomba aachiwe hiyo. Nilikuwa nimeshachoka, nikampa. (Ina muhuri, ndiyo. Sijui niliupiga saa ngapi.) Mpaka leo imetundikwa pale, juu yake ameandika kwa kalamu nene kwamba maji haya yamepimwa na hayana kitu kibaya, na sina namna ya kulipinga hilo.

Nikaenda kwa shangazi, nyumba ya nne kutoka pale. Habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakuniambia nikae, nikakaa. Nikamweleza kila kitu, safari hii bila kumfundisha. Nikamwambia nilimwahidi mashine ya kweli nikamletea uzembe wangu, na kwamba kama hataki tena kuyasikia mambo ya vidonge kutoka kwangu nitaelewa, lakini namwomba. Nililia kidogo. Mwanamume mzima na baiskeli yangu nje.

Akasema anajua sikufanya kusudi, na kwamba yeye hakuwa na haja ya kujua kama maji yana sumaku.

"Hii kidonge naimeza peke yangu," akasema. "Kila asubuhi naamuka, naikamata, inanikumbusha kama mi ni mugonjwa, na kesho tena, na kesho tena. Pale kwa Papa Amani tunakunywa wote, wazima na wagonjwa, tunacheka. Hakuna mutu anajua nani anaumwa. We ulipima maji, Issa. Mi hukuniuliza hata siku moja sababu gani niliacha."

Hilo lilikuwa kweli. Wiki tatu za ubishi, na mashine, na kina mama wanaitikia, na swali hilo halikunipitia kichwani. Niliona aibu, na hii ilikuwa kubwa kuliko ya Jumamosi, ingawa mara hii hapakuwa na mtu anayerekodi.

Akaniambia nimletee kopo kabatini. Vilikuwepo vyote, hakuwa amevitupa. Akatoa kimoja, akakiweka kiganjani, akavuta chupa yenye utepe mwekundu, akajimiminia kikombe. Nilifumbua mdomo.

"Nyamaza," akasema, akakimeza na maji ya sumaku. Kisha akachukua kikombe kingine, akakijaza, akakisukuma upande wangu.

Tangu siku hiyo nimejiapiza mambo mawili: mrija uliotumika haulali bila kuoshwa, hata kama dunia nzima imekatika umeme, na sitasema tena mbele za watu mashine itajibu nini kabla haijajibu. La kwanza nimelishika. La pili najitahidi. Na kila asubuhi, kabla ya kazi, napita kwanza Cibitoke kwa baiskeli, nakaa kwenye mkeka, shangazi anameza kidonge chake na mimi nakunywa kikombe changu mpaka chini, fundi wa maabara wa miaka kumi na mmoja. Yana ladha ya maji.